Kigari cha ubavuni: kagua kwanza, pakia familia baadaye

Mada: Kuchagua kigari cha pikipiki cha kubebea familia
Walengwa: familia, madereva wa bodaboda na vikundi vya akiba kambini
Msomaji: mtangazaji mmoja

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNAPUNGUA, SAUTI INAINGIA.)

MTANGAZAJI:
 

Leo tunazungumzia jambo unaloliona kila siku ukienda sokoni, kwenye mgao au kituo cha afya. Pikipiki moja. Dereva yuko mbele, mama yuko nyuma, mtoto amebanwa katikati, na mwingine amekalishwa juu ya tangi la mafuta. Tanzania wanaita kubeba mshikaki, kwa sababu watu wamepangwa kama nyama kwenye kijiti. Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zinaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva. Lakini familia si mtu mmoja, na nauli ya safari tatu haipo mfukoni.

Ndiyo maana baadhi ya familia na vikundi vya akiba wanafikiria kigari cha ubavuni. Ni kiti au kikapu chenye gurudumu moja, kinachofungwa ubavuni mwa pikipiki, na pikipiki inakuwa chombo cha magurudumu matatu. Je, kinafaa kubeba watoto wako? Kinaweza kufaa. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo tutakuonyesha namna ya kutambua kilichoundwa vizuri na kile cha kukataa.

(MLIO WA PIKIPIKI IKIPITA. SEKUNDE 4.)

MTANGAZAJI:
Kwanza, faida. Katika wilaya ya Mangochi nchini Malawi, vituo 3 vya afya vya vijijini viliwahi kupewa pikipiki zilizoundwa kubeba wagonjwa, hasa akina mama wenye uchungu wa kujifungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba muda wa kumfikisha mama hospitali ulipungua kwa saa 2 hadi saa 4 na nusu, kutegemea kituo. Tena bei ya kununua pikipiki hiyo ilikuwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Kwa mama anayevuja damu, saa mbili ni uhai.

Lakini zile zilikuwa pikipiki zilizoundwa kwa kazi hiyo. Kigari kilichochomelewa haraka nyuma ya duka, kwa mabomba ya kitanda cha zamani, ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, na hata kabla hujapanda cha mwenzako, kagua mambo haya sita.

JAMBO LA 1: KIKO UPANDE GANI?

Kenya, Uganda na Tanzania vyombo vinapita kushoto mwa barabara. Congo, Rwanda na Burundi vinapita kulia. Kigari hufungwa upande wa ukingo wa barabara, ili abiria ashuke kwenye majani na si katikati ya magari. Basi kwa nchi hizi tatu tunazoishi sasa, kigari kiwe kushoto. Ukiona kinauzwa kigari kilichotoka ng'ambo ya mpaka, kimefungwa kulia, usikinunue ukidhani ni jambo dogo. Mtoto wako atakaa upande ule ambao malori yanakuja.

Kuna sababu nyingine. Pikipiki nyingi za bodaboda zina bomba la moshi upande wa kulia. Kigari kikiwa kulia, mguu wa mtoto unakuwa karibu na chuma cha moto, naye anavuta moshi njia nzima.

JAMBO LA 2: PIKIPIKI YENYEWE INAWEZA?

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya cc 100 hadi 150. Nyingi zimeundwa kubeba takriban kilo 150, dereva akiwemo. Sasa tupige hesabu pamoja. Dereva kilo 65. Mama kilo 60. Watoto wawili, mmoja kilo 20 na mwingine kilo 14. Dumu la maji la lita 20, hizo ni kilo 20. Kigari chenyewe, chuma na kiti, tuseme kilo 80. Jumla ni kilo 259.

Utaniambia, gurudumu la tatu linasaidia. Kweli, linabeba sehemu ya uzito. Lakini injini ile ile ndiyo inayovuta zote, na breki zile zile ndizo zinazozuia zote kwenye mteremko.

Ushauri wetu ni huu. Pikipiki ya cc 100 usiifunge kigari cha abiria. Ya cc 125 au 150 ibebe mtu mzima mmoja na mtoto mmoja ndani ya kigari, katika njia tambarare, mwendo mdogo, na asikae mtu nyuma ya dereva. Mizigo ipande safari nyingine. Ukitaka kubeba zaidi ya hapo, tafuta pikipiki yenye nguvu zaidi, au chombo kingine.

JAMBO LA 3: KIMEFUNGWAJE?

Inama, tazama chini. Kigari kizuri kimeshikwa kwenye pikipiki kwa viungio vinne: viwili chini, viwili juu. Viungio hivyo vishike fremu, yaani mifupa ya pikipiki. Visishike bomba la moshi, wala vyuma vya kukanyagia miguu, wala shokomzoba. Kiungio kikishika kitu dhaifu, kitu hicho kitakatika, na kitakatika ukiwa mwendoni.

Afadhali viungio vya bolti na nati kuliko kuchomelea moja kwa moja kwenye fremu. Bomba la fremu ni jembamba, na moto wa kuchomelea unaweza kulidhoofisha. Tazama kila palipochomelewa. Ukiona mstari mwembamba wa kutu umepita juu ya rangi, huo ni ufa umeanza. Usipande.

Mwulize fundi maswali mawili. La kwanza: gurudumu la kigari umelielekeza wapi? Fundi anayejua atakuambia kwamba halikai sambamba kabisa na magurudumu ya pikipiki. Linaelekezwa ndani kidogo tu, kama upana wa kidole, ili chombo kisivute upande mmoja. La pili: ekseli ya kigari iko wapi? Iwe mbele kidogo ya ekseli ya gurudumu la nyuma, karibu shibiri moja. Fundi akicheka maswali hayo, tafuta fundi mwingine.

JAMBO LA 4: KIGARI KINA BREKI YAKE?

Hapa ndipo maisha yanapopotea, basi sikiliza vizuri. Dereva akishika breki ya pikipiki peke yake, kigari hakina kinachokizuia. Kinaendelea kusukuma mbele, na chombo kizima kinajigeuza kuelekea upande usio na kigari. Kwa kigari cha kushoto, upande huo ni kulia, ambako gari lingine linakuja.

Kigari cha kubeba watu kiwe na breki yake, na bora iungwe na breki ya mguu ili zishike pamoja. Kisicho na breki kibebe kuni na magunia. Kisibebe mtoto.

JAMBO LA 5: ABIRIA ANAKAAJE?

Hesabu mikanda. Mikanda miwili, abiria wawili. Kiti kiwe chini, kisiwe kama kigoda kilichoinuliwa, kwa sababu uzito wa juu hupindua chombo. Upande wa pikipiki pawe na bati au ubao mzima unaozuia gurudumu na mnyororo, maana kanga na kitenge vikinaswa humvuta mtu mzima chini kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Pawe pia na bomba la kukinga kichwa na mabega chombo kikipinduka.

Mama mjamzito, mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Usipite katikati ya tumbo.

Mama mwenye mtoto mchanga, usimbebe mgongoni ukiwa umeegemea kiti. Mlete mbele kifuani, mfunge kwa kitenge. Kisha mkanda wa kiti ukufunge wewe peke yako, upite chini ya mtoto. Usifunge mkanda mmoja juu yenu wote wawili, kwa sababu chombo kikisimama ghafla, uzito wako ndio utakaombana.

Na kofia ngumu? Ni ya kila mmoja, siyo ya dereva tu. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 40, na hatari ya jeraha kubwa la kichwa kwa takriban asilimia 70. Kofia ya mtoto imtoshe mtoto. Ya baba ikimzunguka kichwani, haimkingi.

JAMBO LA 6: DEREVA AMEJIFUNZA?

Ndugu dereva, hili ni lako. Umeendesha bodaboda miaka kumi, tunakuheshimu. Lakini pikipiki yenye kigari ni mnyama mwingine. Haiinami kwenye kona. Mwili ukiulalia upande kama ulivyozoea, haikusikii. Inabidi ugeuze usukani kwa nguvu ya mikono. Ukiongeza mafuta, inavuta upande wa kigari. Ukipiga kona ya kushoto kwa kasi, gurudumu la kigari linanyanyuka, hasa kikiwa kitupu. Ukipiga kona ya kulia kwa kasi ukiwa na mzigo, chombo kinaweza kupinduka kwa mbele juu ya kigari, na abiria wako wakawa chini.

Basi punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Usizidi kilomita 30 kwa saa ukiwa na familia. Kigari kikiwa kitupu, weka gunia la mchanga sakafuni.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI:
Umeridhika na mambo yote sita? Bado usipakie watoto. Pakia kwanza magunia ya mchanga yenye uzito kama wao, uyafunge. Nenda uwanja mpana usio na watu. Endesha polepole, shika breki, tazama kinavuta wapi. Piga kona kushoto na kulia. Fanya hivyo siku nzima ikibidi. Gunia likianguka, hakuna msiba.

Halafu chukua rangi kidogo, chora mstari mmoja unaopita juu ya nati na bolti kwa pamoja. Kila asubuhi tazama. Mistari ikiachana, nati imelegea. Njia zetu zina mashimo, na mashimo hulegeza kila kitu. Tazama pia spoku za magurudumu, kwa sababu kigari huzisukuma kwa upande, jambo ambalo hazikuundwa nalo.

Sasa, ni lini uachane kabisa na kigari? Kama njia yenu ni ya milima, matope au mchanga mzito, bajaji nzima iliyotoka kiwandani, ile wanayoita tuktuk huko Kenya, mara nyingi ni salama zaidi kwa familia kwenye sehemu inazoweza kupita. Ufilipino, ambako pikipiki zenye vigari hubeba abiria wengi mijini, haziruhusiwi kwenye barabara kuu za taifa isipokuwa pale pasipo na njia nyingine. Nasi tujifunze hapo: kigari ni cha njia za ndani na mwendo mdogo. Hakina mahali kwenye lami ya malori.

Na mtu aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo asikunjwe ndani ya kigari. Mwacheni alale alivyo, mwite gari la wagonjwa.

Kwa vikundi vya akiba: msimalize pesa zote kwenye kununua. Wekeni pembeni za tairi, za breki, za mikanda na za kofia. Kabla ya kununua, nendeni pamoja kwa uongozi wa kambi na polisi wa usalama barabarani. Ulizeni kama chombo kinaruhusiwa kambini na nje ya kambi, kinahitaji ukaguzi na bima gani, dereva anahitaji leseni ya daraja gani, na kibali cha kutoka kinapatikana vipi. Kanuni za kambi moja si za kambi nyingine. Chombo kilichokamatwa hakimpeleki mtu hospitali.

Tukumbushane kwa kifupi. Kushoto. Uzito. Viungio. Breki. Mikanda. Dereva. Kimoja kikikosekana, kitumieni kwa kuni mpaka kitengenezwe. Na dereva akikuambia, "Panda tu mama, ni hapa karibu," mjibu kwa upole: "Mwanangu, hata hapa karibu, nionyeshe breki kwanza."

 Safari njema, na mfike wote.

(MUZIKI WA KUFUNGIA.)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA USIKILIZAJI
1. Katika kambi yetu, familia hubebwaje kwenda kituo cha afya usiku? Ni nini kinaweza kubadilishwa wiki hii bila pesa?
2. Nani kati yetu anajua kuchomelea na kukagua fremu? Je, anaweza kutuonyesha ufa unavyoonekana?
3. Mama akikataa kupanda chombo kibovu, nani atasimama upande wake?