Chupa Ikiyeyushwa, Kwa Nini Inadhoofika?

Treni ya TAZARA ikishaondoka Mlimba, chupa tupu za maji hubaki. Unadhani kuziyeyusha tu kunatosha? Hapana.

Chupa hizo ni PET: minyororo mirefu ya molekuli. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi. Zikiwa na unyevu, maji huikata minyororo; plastiki inakuwa kama uji mwepesi, na ikipoa inavunjika kirahisi.

Dawa yake? Kwanza zikaushe sawasawa. Kisha weka kiungio chenye “mikono” mingi, mfano dianhidridi ya piromeliti, chini ya asilimia 1. Kinashika ncha zilizokatika na kuziunga upya. Ila usizidishe: minyororo ikifungamana mno, unapata madonge yasiyoyeyuka.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Chupa bado tunazo. Tuzipe maisha ya pili kabla hazijafika mto Kilombero.