Fahamu: BBS, wanafunzi wanaokuwa kaka na dada wa vijana waliokosea

BBS ni nini?
Ni jumuiya ya vijana wa kujitolea nchini Japani, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kaka na dada wakubwa. Ilianzia Kyoto mwaka 1947, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeacha mayatima wakilala stesheni, wengine wakiiba ili wale. Wanafunzi wa mji huo wakaamua kuwa ndugu zao.

Wanafanya nini?
Mahakama ya familia inaweza kumwachia kijana aliyekosea arudi nyumbani chini ya uangalizi wa ofisa wa probesheni. Hapo mwanafunzi wa BBS, anayekaribiana naye kwa umri, hualikwa awe rafiki. Watafanya hesabu za shule, watacheza mpira, watapika. Shughuli hizi Wajapani huziita *tomodachi katsudo*, yaani shughuli za urafiki. Mwanafunzi si askari wala hakimu: anatoa muda, anasikiliza na kutunza siri. Usimamizi hubaki kwa ofisa na watu wazima wa kujitolea waitwao *hogoshi*.

Yatuhusu vipi?
Kenya nayo ina maofisa wa probesheni wa kujitolea. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Ila anayemkunja awe na mkono mpole. Mwanafunzi, kama una saa moja kwa wiki, kaulize ofisi ya probesheni iliyo karibu nawe.