Umemnunulia Shosho Tableti? Mfunze, Usimfanyie

Kila mwaka, watu wakirudi mjini baada ya sikukuu, tunaanza kupokea maswali ya aina moja. "Nilimwachia nyanya tableti, sasa anasema imeharibika." "Guka amepigiwa simu na mtu akamtajia PIN." "Mama anataka kujua kama tableti inaweza kupokea pesa." Ukiangalia vizuri, maswali haya yote yanatoka mahali pamoja: zawadi ilitolewa, mafunzo hayakutolewa.

Tunaelewa jinsi inavyotokea. Umefika ushago na tableti mpya, umeiwasha, ukaweka apu kumi, ukamwonyesha shosho picha za wajukuu, kila mtu akacheka. Siku mbili baadaye uko kwenye matatu unarudi Nairobi, na shosho amebaki na kioo asichojua kukifungua. Basi leo tuzungumze jinsi ya kuifanya kazi hii vizuri, na hasa jinsi ya kuilinda pesa yake wakati anajifunza.

Kwanza: pesa ibaki wapi?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawajiulizi. Tableti nyingi zinazouzwa madukani hutumia waifai peke yake, hazina mahali pa kuweka laini. Nyingine zina mahali pa laini lakini ni za intaneti tu, huwezi kupiga simu ya kawaida. Kwa hivyo kabla ya kununua, muulize mwenye duka: inaingia laini? Inapokea ujumbe mfupi?

Ushauri wetu ni huu: laini yenye pesa ya mzee iache kwenye kabambe yake. Kabambe anaijua. Vitufe vyake amevizoea, betri inakaa siku kadhaa, na menyu ya kutuma na kutoa pesa ameitumia miaka mingi. Tableti iwe ya mambo mengine: kuwaona wajukuu kwa video, kusikiliza ibada, kutazama habari, kusoma kwa herufi kubwa. Ikipotea au mtoto akicheza nayo, pesa haiko humo.

Baadaye, akishazoea na akitaka mwenyewe kuangalia salio au taarifa za akaunti kwenye apu, mtaongea. Lakini awe ameomba yeye.

Andaa tableti kabla hujaikabidhi

Usimpe kitu kwenye boksi. Kaa nayo saa moja, uiweke sawa.

Anza na lugha. Kwenye vifaa vya Android unaweza kuchagua Kiswahili kwenye Mipangilio. Mtu ambaye Kiingereza kinamsumbua hapaswi kukutana na maneno ya Kiingereza kila akigusa kioo.

Kisha ongeza ukubwa wa herufi na ukubwa wa picha za apu, na uongeze mwanga. Ondoa kila kitu asichohitaji kwenye ukurasa wa kwanza. Acha vitu vinne au vitano tu.

Sasa kuna jambo ambalo vijana hatulioni kwa sababu halitusumbui. Mzee akigusa kioo, mara nyingi anabonyeza kwa nguvu na kushikilia, kama anavyobonyeza kitufe cha kabambe. Tableti inadhani anataka kitu kingine: picha ya apu inaanza kutingishika, inahama, au inafutika. Yeye anaona ameharibu. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, utafute muda wa kugusa na kushikilia, uurefushe. Badiliko hili dogo linaondoa kilio kingi.

Jambo la pili ni vidole. Mtu aliyelima au kufua kwa mikono miaka hamsini, alama za vidole zimefifia na ngozi imekauka. Kufungua kwa alama ya kidole kutamkataa mara tano, na kioo chenyewe wakati mwingine hakitamsikia. Tumia nambari ya kufungulia badala ya kidole. Akipaka mafuta kidogo mikononi na kuyapangusa, kioo husikia vizuri zaidi.

Mwisho, mnunulie kava inayosimama ili asishike tableti mkononi simu yote ya video, na uzime kujisasisha kwa apu kwa bando. Video hula bando haraka, na mzee asiyejua hilo atadhani ameibiwa.

Kumfunza: mikono yake, si yako

Kosa kubwa ni hili. Shosho anachelewa kidogo, wewe unasema, "Lete nikufanyie," unamaliza kwa sekunde tatu. Amefurahi, lakini hajajifunza chochote. Kesho hatajaribu tena, atasubiri mjukuu.

Weka mikono yako mgongoni. Tunasema kweli. Mwambie, "Shosho, gusa hapo penye kijani, gusa kidogo tu kama unafukuza nzi." Akikosea, mwache arudi mwenyewe. Mwonyeshe mapema namna ya kurudi mwanzo, kwa sababu mtu anayejua njia ya kurudi haogopi kuingia.

Funza jambo moja kwa siku. Siku ya kwanza: kuwasha, kufungua, kupokea simu ya video. Basi. Siku ya pili: kupiga yeye. Siku ya tatu: kuchaji na kuangalia bando. Mwandikie hatua kwenye daftari kwa lugha anayoisoma vizuri, kama ni Kiswahili, Kikamba au Dholuo, kwa herufi kubwa. Afadhali zaidi, aandike mwenyewe.

Na usicheke. Wazee wengi wanaacha simu janja kwa aibu, si kwa kushindwa. Kumbuka kizazi hiki ndicho kilichojifunza kutuma pesa kwa simu baada ya 2007, wakati wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi. Walituma karo zetu kwa simu. Hawa si watu wasioweza.

PIN ni ya nani?

Hapa ndipo tunaomba uwe makini, kwa sababu hapa hata watu wenye nia njema huharibu.

Katika nyumba nyingi, PIN ya mzee inajulikana na mjukuu, jirani, na pengine hata wakala. Ilianza kama msaada: "Nitolee elfu moja, mjukuu wangu, PIN ni hii." Halafu siku moja pesa inapungua, na hakuna anayejua nani alitoa. Wote wanashukiwa, pamoja na yule asiye na hatia. Pesa ya mzee ikipotea nyumbani, huwa inaondoka na uhusiano.

Kwa hivyo, hata kama unampenda vipi, usiijue PIN yake. Wakati wa kuiweka, geuza uso. Msaidie tu kuchagua vizuri: isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, kwa sababu tarehe hiyo iko kwenye kitambulisho, na kitambulisho anakionyesha kila anapotoa pesa. Isiandikwe kwenye lile daftari la hatua, wala nyuma ya simu.

Kama haoni vizuri, ongeza herufi au mpeleke apimwe macho. Kama anasahau, mkumbushe kwamba akiisahau anaweza kwenda kwenye duka la huduma na kitambulisho chake akawekewa mpya. Kusahau PIN kunatengenezeka.

Kwa wakala, mfunze mambo matatu: abonyeze PIN mwenyewe, asubiri ujumbe uingie kabla ya kuondoka dirishani, na ahesabu pesa papo hapo. Wakala wa kweli hahitaji PIN ya mtu yeyote.

Walaghai wanapenda simu mpya

Mzee akiingia kwenye mitandao, anaonekana na watu wengi zaidi. Mfanyie mazoezi kabla walaghai hawajamfanyia. Keti chumba cha pili, umpigie ukijifanya mtu mwingine:

"Halo mama, pesa yangu imeingia kwako kimakosa, tafadhali nirudishie, mtoto yuko hospitali."

Jibu lake liwe: "Ngoja niangalie salio." Ajue kwamba ujumbe si pesa. Mlaghai anaweza kuandika ujumbe unaofanana na wetu, lakini salio hawezi kulibadilisha. Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Na hata kama imeongezeka kweli, asirudishe mwenyewe. Amwambie huyo mtu apigie huduma kwa wateja, urejeshaji ufanywe huko.

Jaribu na hii:

"Mama, sisi ni wa Inua Jamii. Tunakusajili upate zile elfu mbili za kila mwezi. Nitajie PIN yako."

Inua Jamii ni mpango wa kweli wa serikali, na wazee wa miaka 70 na zaidi hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndiyo maana uongo huu unaingia vizuri. Lakini usajili wa kweli hauhitaji PIN. Sisi wenyewe, tukikupigia, hatuombi PIN. Anayeomba PIN ni mwizi, hata awe na sauti ya pasta.

Kuna pia ile nambari ya tarakimu 6 ambayo WhatsApp hutuma wakati wa kujisajili. Mtu akimwomba amsomee nambari hiyo, anataka kuichukua akaunti yake, kisha aanze kuwaomba watoto wake pesa kwa jina lake. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp yake siku ile ile ya kwanza.

Kuhusu mikopo ya kwenye apu: tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kupata leseni kutoka Benki Kuu ya Kenya, na Benki Kuu hutoa orodha ya waliopewa leseni. Apu ya mkopo isiyo kwenye orodha hiyo isikae kwenye tableti ya mzee. Apu za namna hii zikiruhusiwa kusoma majina ya watu kwenye simu, zinaweza kuanza kuwapigia jamaa na marafiki kwa deni lisilowahusu.

Na kama kabambe itapoteza netiweki ghafla wakati simu za jirani zinashika vizuri, asingoje hadi kesho. Huenda mtu amesajili upya laini yake kwa njia ya wizi. Aazime simu, apige huduma kwa wateja, laini na akaunti zifungwe kwanza, maswali baadaye.

Kubalianeni sheria moja ya familia

Mkimaliza yote, wekeni sheria moja ambayo haivunjwi: hakuna pesa inayotumwa kwa haraka. Mtu yeyote akiomba pesa, hata kwa sauti ya mtoto wa nyumba, mzee anakata simu na kupiga mwenyewe ile nambari ya zamani iliyo kwenye kabambe. Kama shida ni ya kweli, dakika mbili haziui mtu. Kama ni uongo, dakika mbili zimeokoa pesa.

Mwambie pia kwamba akikosea hatagombezwa. Mzee anayeogopa kugombezwa huficha, na katika mambo ya pesa, saa chache za kwanza ndizo zenye nafasi kubwa ya kuiokoa. Akituambia mapema, tunaweza kujaribu kuizuia. Akinyamaza wiki nzima kwa aibu, mara nyingi pesa imeshatolewa.

Halafu mpigie. Jumapili saa kumi, simu ya video, kila wiki. Tableti inayopigiwa haisahauliki kabatini, na siku utakayomkuta amekupigia yeye kwanza, utajua somo limeingia.