Ukumbusho Ukutani

Katika mji wa Goma, mahali zinapokutana barabara kubwa, imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu. Mgeni aweza kudhani ya kwamba ni sanamu ya mfalme au ya jemadari. Sivyo. Ni sanamu ya msukuma chukudu, mtu tumwonaye kila siku na gari lake la mbao lenye magurudumu mawili, akishusha viazi, kabichi na makala kutoka milimani. Akipita hapo na mzigo wake, aweza kuinua macho na kusema, "Huyu ni mimi."

Wako wadhanio ya kwamba picha zafaa watu wakubwa tu. Mchoraji mmoja wa nchi yetu hakufikiri hivyo, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji habari zake. Hakukaa Goma, bali mbali kusini, huko Katanga, ambako watu husema Kiswahili kama sisi.

Jina lake Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, naye aliwauzia picha zake kwa bei ndogo watu wa mitaani, ambao walizitundika katika chumba cha wageni. Picha za namna hii watu wa huko waliziita kwa neno moja zuri: ukumbusho. Maana mgeni akiingia na kuuliza, "Hii ni nini?" baba wa nyumba huanza kusimulia, na watoto husikia.

Picha moja iliyopendwa sana ilionyesha askari akimpiga mfungwa kwa fimbo, na mtawala wa Kibelgiji akitazama. Mfungwa yule hana jina, lakini wengi waliona ndani yake baba zao na babu zao. Hivyo picha moja ilikuwa sura ya mtaa mzima.

Katika miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba alimchorea Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na desturi za watu, picha 101 za historia ya nchi, akizieleza kwa Kiswahili. Mwaka 1996 Fabian alizitoa katika kitabu, na picha zenyewe zikahifadhiwa Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi. Lakini mchoraji mwenyewe hakujulikana tena alikokwenda tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Yeye aliyewakumbusha wengine, hatujui mwisho wake.

Habari hizi zatugusa sisi wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa mlima Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukateketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na watu wakakimbia usiku. Saa kama hiyo mtu hushika mtoto, sufuria na godoro. Ni nani akumbukaye picha ya bibi yake ukutani? Nyumba hujengwa tena juu ya mawe meusi, lakini sura iliyoungua hairudi, na mjukuu hukua asijue babu yake alifananaje.

Basi, ndugu wasomaji, kama mtaani kwenu yuko kijana ajuaye kuchora, msimcheke wala msiseme ya kwamba anacheza tu. Mwiteni nyumbani. Achore uso wa mama auzaye samaki sokoni, au wa mzee atengenezaye chukudu. Mlipeni kwa haki, kwa kuwa rangi hununuliwa, na kazi yake ni kazi kama ya fundi mwingine yeyote. Kisha andikeni nyuma ya picha jina la aliyechorwa, jina la mchoraji na mwaka, maana picha isiyo na jina, baada ya muda, huwa ya mtu asiyejulikana.

Na ikiwa siku moja itatubidi kukimbia tena, tusisahau ya kwamba kitambaa hukunjwa kama mkeka. Si kizito. Mtoto mdogo aweza kukichukua chini ya mkono wake.