Kocha akitaka kila pasi ifike, chenga zinakufa

UTETE. JUA likishapunguza makali hapa Utete, kando ya Mto Rufiji, chandimu linaanza. Goli ni mawe mawili, timu ni wenye shati na wasio na shati. Dogo anajaribu tobo, ananyang'anywa mpira, wenzake wanacheka. Dakika moja baadaye anajaribu tena, safari hii inapita.

Dogo huyohuyo akichukuliwa na timu yenye kocha asiyetaka kosa hata moja, mambo yanageuka. Akipoteza mpira anafokewa. Akipoteza tena anakula benchi. Akirudishwa uwanjani hajaribu kitu, anageuka na kumrudishia beki. Hajakosea, lakini hata beki wa wapinzani hana presha naye.

Hata wakubwa yanawakuta. Jack Grealish alipokuwa Aston Villa, mpira wote ulipitia kwake. Msimu wa 2019/20 alifunga mabao manane ya ligi. Mwaka 2021 Manchester City ikamnunua kwa pauni milioni 100, akatua kwa Pep Guardiola, kocha anayepanga hadi mchezaji asimame wapi.

Makombe yalikuja, yakiwemo matatu ya msimu wa 2022/23. Lakini katika misimu yake minne City hakuwahi kuvuka mabao matano ya ligi kwa msimu, na Agosti 2025 akaenda Everton kwa mkopo. Guardiola hakukosea, alipata alichotaka. Bei yake ilikuwa zile chenga.

Hapa nyumbani, Yanga ya Miguel Gamondi msimu wa 2023/24 ilikaba kwa nidhamu, ila ikifika mbele, Aziz Ki, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli waliachiwa uwanja. Novemba 5, 2023 Simba ikala tano kwa moja. Aziz Ki akamaliza na mabao 21 na ufungaji bora, Yanga ikabeba ubingwa.

Siyo kwamba kocha aache kila mtu afanye lake. Chenga kwenye boksi lako ni kujitafutia msiba, hapo fokea. Lakini karibu na goli la wapinzani, mpira ukipotea kuna wenzake kumi nyuma wa kuutafuta.

Ligi zetu zinasaka mafundi nje ya nchi kwa fedha nyingi. Huenda mmoja yupo Utete jioni hii, anasubiri kocha atakayemwacha akosee.