Kelele za Ndege na Afya ya Watu

Uwanja wa ndege wa Lubumbashi huitwa Luano. Uko upande wa kaskazini-mashariki wa mji. Ndege hutua hapo zikileta wasafiri, dawa na mizigo. Kazi hiyo ni njema. Lakini kila ndege inapopaa hutoa ngurumo kubwa, na ngurumo hiyo huwafikia watu wakaao karibu.

Sauti ni nini? Ni mtikisiko wa hewa. Injini ya ndege huitikisa hewa kwa nguvu, na mtikisiko huo husafiri kama mawimbi ya maji, mita 340 hivi kwa sekunde moja. Ukifika sikioni, hutikisa ngozi nyembamba iliyo ndani, na ubongo hupata habari.

Jicho lina kope. Mtu akilala, hulifunga. Sikio halina kope. Kwa hiyo ndege ikipita usiku, sikio la mtu aliyelala husikia, hata kama yeye haamki. Ubongo hudhani kuna hatari. Moyo hupiga mbio na mishipa ya damu hukaza, kana kwamba mtu amekutana na nyoka njiani. Likitokea mara moja, si kitu. Likitokea kila usiku kwa miaka mingi, damu huweza kupanda na moyo kuugua. Wengine husema, “Sisi tumezoea.” Kweli, hawaamki tena, lakini moyo haukuzoea.

Watoto nao hupata hasara shuleni. Mwaka 1992, mji wa München, nchini Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa zamani na kufungua mwingine mahali pengine. Wataalamu waliwapima watoto wa pande zote mbili, kabla ya siku ile na baadaye. Karibu na uwanja mpya, watoto walianza kusoma vibaya zaidi na kusahau upesi. Karibu na uwanja wa zamani, palipokuwa sasa na utulivu, watoto walisoma vizuri kuliko kwanza. Basi, watoto wale hawakuwa wajinga. Kelele ndizo zilizowazuia, na zilipokwisha, akili zao zilipata nafasi.

Tufanye nini? Ndege ikipita, mwalimu anyamaze kidogo, kisha arudie neno lililopotea. Mwanafunzi ambaye hakusikia aulize bila haya. Usiku, madirisha ya upande wa uwanja yafungwe. Tena, wakubwa wa mji wasiruhusu shule wala nyumba kujengwa chini ya njia ya ndege. Mtu huhitaji utulivu kama anavyohitaji maji safi.

Maswali
1. Kwa nini sikio husikia hata mtu akiwa amelala?
2. Kelele za usiku huufanya nini moyo?
3. Watoto wa München walipata faida gani uwanja wa zamani ulipofungwa?