Mzee Anapoweweseka Wodini

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalotukia katika wodi za hospitali usiku, wakati sisi jamaa tumekwisha kwenda nyumbani. Mzee ameingia hospitalini akiwa na akili zake timamu, anawajua wajukuu wake wote kwa majina. Baada ya siku mbili tatu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Anamwita mtu aliyekufa zamani. Anajaribu kung'oa dripu. Asubuhi anapata nafuu, jioni anapotea tena. Jamaa wakija wanatazamana tu. Mmoja ananong'ona, "Basi, uzee umemfikia," na mwingine ananong'ona jambo baya zaidi.

Mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wa hao. Mama yangu mzazi alipokuwa na miaka 79 alianguka shambani akavunjika nyonga. Tulimpeleka hospitali, akapasuliwa vizuri. Usiku wa tatu akaanza kumwita marehemu baba, na kusema kwamba siafu wanapanda ukutani. Shangazi yangu akasema wazi kuwa kuna mtu amemrushia kitu. Nami, mtu niliyesoma chuo cha theolojia, nilisimama kando ya kitanda nikaomba na kukemea kwa sauti kuu, na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo mama alivyozidi kuogopa. Ndipo sista wa zamu akanijia polepole akaniuliza, "Mchungaji, mama huvaa miwani?" Nikajibu kwamba huvaa. "Iko wapi?" Ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Niliichukua siku ya kwanza ili isiibiwe. Akauliza tena, "Na tangu asubuhi amekunywa maji kiasi gani?" Hakuna kati yetu aliyejua. Jagi lilikuwa juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake haukufika.

Wapendwa, hali hiyo ni ugonjwa, na ina jina. Madaktari huiita deliriamu. Kwa Kiswahili twaweza kusema kuweweseka. Si sawa na ule usahaulifu wa uzeeni ambao huja polepole kwa miaka mingi. Huu huja ghafla, kwa saa chache au siku chache, na mara nyingi chanzo chake kiko mwilini: homa ya mapafu, ugonjwa katika njia ya mkojo, kukaukiwa na maji, maumivu, kufunga choo, kupasuliwa, au dawa fulani, hasa baadhi ya zile za kumlaza mtu usingizi. Kwa hiyo mzee akibadilika hivyo, aambiwe daktari au sista saa ile ile. Asingojewe hadi kesho.

Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani, Sharon Inouye, pamoja na wenzake, walitoa kipimo chepesi cha kuutambua. Ni mambo manne. Je, badiliko limekuja ghafla, nalo linapanda na kushuka? Je, mgonjwa hawezi kushika jambo moja akilini? Je, maneno yake hayafuatani? Je, amechangamka kupita kiasi, au amesinzia mno? Akiwa na yale mawili ya kwanza, na moja kati ya mawili ya mwisho, basi yaelekea sana kuwa ni deliriamu. Tazameni hilo la kusinzia. Mzee anayepiga kelele kila mtu atamwona, lakini yule aliyelala kimya akitazama dari, asiyesumbua mtu, sisi humsifu kuwa mgonjwa mtulivu. Huenda yeye ndiye aliyezidiwa.

Zamani wengi, hata madaktari, waliona kwamba hilo ni la kawaida tu mzee akilazwa. Daktari Inouye na wenzake hawakuridhika. Walifanya utafiti katika hospitali ya Yale-New Haven kwa wagonjwa 852, wote wa miaka 70 au zaidi, na matokeo yakatolewa mwaka 1999. Wagonjwa 426 walitunzwa kama desturi ya hospitali ilivyokuwa. Wengine 426 waliongezewa utunzaji wa namna nyingine, na hapa ndipo nilipostaajabu, kwa maana haikuwa dawa mpya wala mashine ya bei kubwa. Kulikuwa na ubao ulioandikwa majina ya watu wanaomhudumia na shughuli za siku ile. Mtu alikuja kuzungumza naye. Asiyeona vizuri alipewa miwani yake, na asiyesikia vizuri alisaidiwa asikie, na kama masikio yalijaa nta yakasafishwa. Alisaidiwa kuinuka na kutembea mara kadhaa kwa siku, na kama hawezi kutembea, kunyosha viungo pale kitandani. Alihimizwa kunywa maji. Usiku, badala ya kukimbilia kidonge cha usingizi, alipewa maziwa ya moto au chai ya majani ya dawa, akasuguliwa mgongo, na kelele za wodini zikapunguzwa. Aliyefikiria hayo maziwa ya moto, nafikiri alilelewa na nyanya.

Katika wale waliotunzwa kwa desturi, 64 waliweweseka, yaani asilimia 15. Katika hao wengine ni 42, chini kidogo ya asilimia 10. Wagonjwa ishirini na wawili, wasikilizaji, walihifadhiwa akili zao kwa miwani, maji, usingizi na mazungumzo. Lakini utafiti ule ule ulionyesha jambo jingine ambalo ni lazima niliseme: kwa wale waliokwisha kuanza kuweweseka, utunzaji huo haukuonekana kuupunguza ukali wake. Faida yake ni kuzuia. Ndiyo sababu nasema nanyi leo, kabla mzee wenu hajalazwa.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Amechoka, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili akamgusa na kumlisha. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi nami nikiruka kwenda kwenye ile sauti ndogo ya utulivu, bila kukaa hata kidogo pale penye mkate.

Kule New Haven kazi nyingi ya namna hii ilifanywa na watu wa kujitolea waliofundishwa. Katika wodi zetu sista mmoja ana wagonjwa wengi mno, na si haki kumlaumu yeye kwamba hakuketi kuzungumza na kila mzee. Lakini watu wa kujitolea tunao. Jumapili alasiri tunakwenda watu ishirini, tunakizunguka kitanda, tunaimba, tunaomba, tunaacha machungwa ambayo mgonjwa hawezi kuyamenya, na kengele ikilia tunatoka. Afadhali waende wawili wawili, kila siku zamu yao. Mmoja aketi mahali uso wake unapoonekana, ajitaje jina, aseme leo ni siku gani na hapa ni wapi. Aseme kwa lugha ya kwao mzee, kwa maana wengi wetu tukizeeka na kuugua, lugha ya utotoni ndiyo inayobaki karibu. Aulize miwani iko wapi, na meno ya bandia, na fimbo. Amsogezee maji. Hapo pana tahadhari: amwulize sista kwanza, kwa kuwa wako wagonjwa waliopimiwa maji, na wako wasioruhusiwa kusimama bado. Na mgonjwa akisema kuna siafu ukutani, asibishane naye, wala asimdanganye kwamba anawaona. Amshike mkono na kumwambia, "Mimi niko hapa."

Kuna na jambo la kugeuzwa kitandani, nalitaja kwa ufupi. Mwaka 1962 mwuguzi wa Uingereza, Doreen Norton, na wenzake walitoa utafiti juu ya vidonda vya mgongo na makalio vinavyowapata wazee waliolala muda mrefu. Wauguzi walikuwa wakipaka ngozi vitu vya kila namna. Ilionekana kwamba kinachosaidia hasa ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Mkimtunza mzee nyumbani, hayo hayahitaji fedha.

Yale maneno ya shangazi yangu siyachukulii kuwa mzaha. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na umati wa watu kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi kwamba hao walikuwa na ugonjwa huu. Lakini mzee anayesema na wafu usiku, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kusikia neno deliriamu, yuko katika hatari mbili: ile ya ugonjwa, na ile ya midomo ya jamaa zake.

Kuhusu mama, sista aliita daktari usiku ule, wakakuta ana ugonjwa wa njia ya mkojo, akaanzishiwa dawa. Miwani ikarudi usoni. Dada yangu alikuwa akija asubuhi na jioni kumnywesha na kumsimulia habari za ng'ombe. Akili haikurudi mara moja. Ilichukua karibu majuma mawili, na siku nyingine ilirudi nyuma. Tulipomleta nyumbani nilidhani hakumbuki lolote. Siku moja, tukiwa tumeketi naye uani, akaniuliza, "Mwanangu, usiku ule hospitalini, nilikukosea nini hata ukanikemea vile?"